Mtaalamu wa mtaani kwetu ni mama mdogo

Swali lenu la wiki hii, nani mtaani kwenu ni mtaalamu ila watu hawamwiti mtaalamu, na je kijana aifuate kazi yake? Mie wala sihangaiki kutafuta, ni mama mdogo wangu, analima mirehani, nanaa, mchaichai na vanila huko Dole, Unguja, bila hata tone la dawa ya dukani, na wapo mpaka leo wanaomwita "yule bibi wa majani" tu.

Kazaliwa Wete, kakulia kwenye mikarafuu kama Wapemba wengi, ila bibi yetu alikuwa akiuza vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, na yeye ndo akaanzia hapo, kutunga asumini na mrehani jioni. Kuolewa ndo kukamleta Unguja, akapata mafunzo mafupi ya kilimo Kizimbani, akarudi na jambo moja: shughulikia udongo kwanza, mmea utajijua.

Sasa hapo kwenye mirehani ndo utamjua fundi. Mahoteli yanataka majani laini, kwa hiyo ukianza tu kutoa ua anakata kichwa, mti unatanuka ubavuni na majani yanazidi, ukiuacha ukabeba mbegu majani yanapungua na yanakomaa. Lakini wauza vikuba wao wanayataka hayohayo maua! Basi ana matuta mbalimbali, la mkasi na la kuachwa, na ole wako uingie na mkasi tuta silo. Anavuna asubuhi umande ukishakauka na jua halijawa kali. Wadudu wakija anatwanga majani ya mwarobaini, anayaroweka usiku kucha, anachuja, anatia sabuni kidogo, anapiga jioni manake jua kali linaimaliza nguvu ile dawa mapema. Nanaa anaipanda kwenye ndoo zilizotobolewa chini, ukiiachia ardhini inavamia kila kitu.

Sikuhizi anaitwa na mahoteli ya huko Paje na Jambiani kuwatengenezea bustani, na huko ni maweni matupu, udongo kiduchu juu ya jiwe, sasa utalima nini? Anainua matuta kwa mawe yaleyale, chini makumbi ya nazi yashike maji, juu yake mboji iliyochanganywa na mwani wa pwani, ila mwani auoshe kwanza chumvi itoke. Kuna hoteli moja, siitaji, ilitaka iandike kwenye menyu kuwa majani yake ni ya organiki, yaani hayakutiwa kemikali, na huku mtu wao anapulizia dawa ya mbu juu ya matuta kila Ijumaa. Akawaambia chagueni moja, wakachagua dawa, akakusanya vipando vyake akaondoka. Kiukweli mie ningechukua hela nikanyamaza. Yeye anasema wanunuzi wa nje wanataka shamba liwe limekaa miaka bila kemikali kabla ya kulikubali, na hata ile alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki, iliyoanza pamoja na viwango vyake 2007, haitolewi kwa maneno matamu.

Vanila nayo ina mambo yake. Asili yake Mexico, na wadudu wake wa kuichavusha wamebaki hukohuko, kwa hiyo kila ua unalichavusha kwa mkono, na linafunguka asubuhi tu, mchana limeshanywea. Unachukua kijiti cha ukubwa wa kile cha meno, unainua kale kangozi kanakotenganisha dume na jike, unabana kwa kidole gumba, kwisha. Njia hii aliigundua mtoto wa miaka 12, Edmond Albius, mtumwa kule Réunion, mwaka 1841, na maskini alikufa fukara wakati wenzake wanatajirika. Yaani skuli hatukuambiwa! Kisha maganda yanakaa kama miezi tisa mtini, na wezi wanaijua hesabu hiyo kuliko wewe.

Kijana aifuate? Aifuate, ila asianze na vanila kwa kusikia bei, rando linaweza kuchukua miaka mitatu ndo litoe ua la mwanzo, na siku zote hizo utakula nini? Aanze na mchaichai, haufi ovyo na unaushika udongo kwenye mteremko, unapasua shina unapata vipando vingine bure, na mirehani tuta moja, apate hela ya kila wiki. Akitaka mbegu za mwanzo aje Dole, mama mdogo hatoi mbegu bila kumuuliza mtu mboji yake ikoje, na akijibiwa "bado sijaanza" anamrudisha nyumbani.