Vijiti vinachipua, kisha vinakufa

SWALI: Shikamoo mama. Nasimamia bustani ya nyumba ya wageni huku Tengeru. Tunao mti mmoja wa chestinati, zile njugu za Ulaya zenye ganda la miiba kama nungunungu. Nimeambiwa ulipandwa kwa mbegu miaka zaidi ya 30 iliyopita. Maganda yanatoka, lakini ukipasua unakuta njugu bapa, tupu. Nataka kuuzidisha, nipate mstari kando ya mfereji. Mwezi wa nne nilikata vijiti 40 vya unene wa kidole, nikavichovya kwenye asali, nikavichomeka kwenye viriba. Wiki ya tatu vilijaa majani. Mwezi wa sita hakikubaki hata kimoja. Nilikosea wapi?
Msomaji, Tengeru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mwaka 1998 nilipoteza vijiti 60 vya parachichi namna hiyo hiyo. Nilivikata kwenye mti mzee wa kihamba cha baba, Kibosho, na nilikuwa nimeshawaahidi majirani miche.

Majani yalikudanganya. Kijiti kina akiba yake ya chakula, na jicho hufunguka kwa akiba hiyo hata kama chini hakuna uzi wa mzizi. Majani yakishatoka yanapoteza maji kila siku, na hakuna kinacholeta mengine. Siku hizi sihesabu majani. Nakishika kijiti kwa vidole viwili, nakivuta kidogo sana. Kikinishikilia, ndipo nafurahi.

Asali haikuharibu kitu, ila si homoni ya mizizi. Hata ungenunua unga wenyewe wa homoni, ule wenye kemikali iitwayo IBA, nadhani ungepata kijiti kimoja au viwili tu. Tatizo ni aina ya mti na umri wake. Sale, ule mmea wa mipaka, unalichomeka hata kwenye ua likashika. Mforosadi, mtini na komamanga nao hawasumbui. Chestinati, parachichi na makadamia ni wagumu, na ugumu unazidi mti unapozeeka. Tawi la juu la mti uliokwisha kukomaa limepoteza wepesi wa kutoa mizizi, hata likionekana bichi na jembamba.

Halafu kuna suala la mahali unapokata. Wakulima wa kahawa wanalijua hili. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa kule Lyamungu, huzidisha chotara zao kwa vipandikizi vya maotea, yale machipukizi yanayosimama wima. Mimi, kabla sijafundishwa, nilikata matawi ya pembeni kwa sababu yalikuwa mengi na karibu na mkono. Mizizi ilitoka vizuri kabisa. Lakini miche ile haikusimama wima. Ilitambaa pembeni kama tawi lilivyozoea. Niliing'oa yote.

Kwa hiyo rudi chini ya mti wako. Chestinati huchipua kwa nguvu kutoka shinani, na sehemu hiyo ya chini ndiyo iliyobaki na ujana. Usikate mti, unao mmoja tu. Tafuta machipukizi ya shinani, na usiyakate. Chipukizi likiwa bado laini, lifunge waya mwembamba karibu na chanzo chake, usilikabe. Kisha lifukie kwa udongo mwepesi uliochanganywa na maranda ya mbao yaliyooza, kimo cha shubiri moja, ncha ikiachwa juani. Kadiri linavyonenepa waya utalibana, chakula kinachoshuka kitakwama juu ya waya, na hapo, gizani, mizizi itatoka. Kichuguu kisikauke hata wiki moja. Subiri mwaka mzima ndipo ufukue. Wafaransa wanazalisha mashina ya kubebeshea chestinati, yaani ya kuunganishiwa kikonyo cha mti mwingine, kwa njia ya kufukia, kwa kuwa vijiti vinawasumbua hata wao.

Sasa la njugu tupu, na hili usilipuuze. Chestinati haujitoshelezi kwa chavua yake. Vijiti vyako 40 vingeshika vyote, ungekuwa na miti 41 ambayo kwa chavua ni mti ule ule mmoja, na maganda yangeendelea kuwa matupu. Unahitaji angalau mti wa pili uliotoka kwenye mbegu nyingine. Ila usimwombe mgeni akuletee kijiti kwenye begi. Ugonjwa wa ukungu ulioonekana New York mwaka 1904 uliteketeza chestinati za mashariki ya Marekani, na uliingia na miti iliyotoka Asia. TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wako hapo hapo Arusha. Nenda uulize kibali kabla hujaagiza chochote.

Parachichi usihangaike na vijiti, bebesha. Nitaandika juu yake toleo lingine.

Kabla ya vuli, pima urefu na unene wa machipukizi ya shinani, uniandikie. Nitakuambia lipi la kufunga waya na lipi la kuacha.