Ukipewa sehemu ya tiba za kale kwenye gemu, anza na mgonjwa sio jengo

Wadogo zangu mnaokuja kujifunza kazi ya kutengeneza magemu hapa Mwanza, hili mimi nimelijua kwa kuchelewa. Kila anayeanza anakimbilia modeli, yaani mchoro wa jengo kwenye kompyuta, anachora nguzo na paa wiki mbili, ukimuuliza mgonjwa anaingilia wapi hajui. Jiulizeni kwanza kaja na nini, kapokelewa na nani, kalala wapi, kaondokaje.

Ingieni kwenye gemu la Discovery Tour ya Ugiriki ya kale, ile kampuni ya Ubisoft waliitoa 2019, haina mapigano, unatembea unasikiliza maelezo. Humo nendeni Epidauros, mahali watu walipofuata tiba kwa Asklepios, mungu wao wa tiba, yule mwenye fimbo ya nyoka mmoja iliyoko kwenye nembo ya WHO, Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa alikuwa anaoga, anatoa sadaka, halafu usiku analala kwenye jengo linaitwa abatoni anasubiri mungu amjie ndotoni. Habari za waliopona zilichongwa kwenye mawe na baadhi yapo mpaka leo. Kuna jamaa mmoja alikuwa na kidonda kibaya kwenye kidole cha mguu, wakamtoa nje wakamkalisha akapitiwa na usingizi, nyoka akatoka abatoni akamlamba kile kidole, alipoamka mzima akasema ameota kijana mzuri wa sura anampaka dawa. Mnaona hapo? Jiwe limeweka waliyodai kuona watu na aliyoota mwenyewe, vyote viwili. Na nyie andikeni hivyo hivyo, "jiwe linasema alipona", msiandike "alipona" kama vile mlikuwepo, wala msiandike "walidanganywa".

Sasa ya kwetu. Tulikuwa tunatengeneza kigemu cha shule kuhusu mganga wa Kisukuma, tukaenda Bujora pale Kisesa kwenye makumbusho aliyoanzisha Padri David Clement, tukapiga picha nyingi tukarudi mjini tunajiona tumemaliza. Mimi ndio nilichora vijumba vya masamva, yaani vya mizimu ya ukoo, nikaweka mlango wa mtu kupita wima. Pia kwenye maelezo ya nyumba ya mganga niliandika "nyumba ya mchawi". Tukampelekea mzee mmoja laptopu aangalie, akakaa kimya muda mrefu kweli halafu akauliza, "Humu anaishi nani?" Nikamwambia masamva. Akasema mwanangu, mganga si mchawi, mchawi ndiye anayefanya watu wamtafute mganga, ukiwafundisha watoto hivi umewaharibia babu zao. Niliumia sana maana alikuwa sahihi.

Akainama akaweka kiganja karibu na goti lake kunionyesha paa linapoanzia, akasema ukitaka kuweka kitu humo unapiga magoti. Modeli nikaifuta yote, na sasa kwenye gemu mchezaji asipobonyeza kitufe cha kuinama haoni kilichomo ndani.