Modemu ya kukuamsha mashine ya mayai ikipoa

Wafugaji wenzangu wa Moshi mnaototolesha vifaranga, umeme hauna saa ya kukatika. Mayai ya kuku yanakaa mashineni siku 21, kwenye joto la nyuzi 37.5 hivi, na usiku mkatiko ukikupita usingizini, asubuhi huenda umeshachelewa. Mimi natumia modemu ya laini ya simu, imechomekwa kwenye kompyuta inayosoma kipimajoto. Joto likishuka, inanitumia SMS.

Msianze na programu, anzeni na betri. Modemu inayozimika pamoja na mashine haiwezi kumwambia mtu lolote, kwa hiyo kompyuta na modemu vyote viwe kwenye betri. Intaneti ya ofisini nayo usiitegemee, kwani umeme ukienda nayo inaenda.

Kutuma kwenyewe kunatumia amri za AT, yaani maagizo mafupi unayoiandikia modemu kwenye kompyuta, yaliyoanzia kwenye modemu za kampuni ya Hayes mwaka 1981. Andika AT, ikijibu OK, mnaelewana. AT+CMGF=1 inachagua maandishi ya kawaida, AT+CMGS inapokea namba ya simu, kisha unaandika ujumbe na kufunga kwa Ctrl na Z. Asiyetaka kuandika amri atumie Gammu, programu ya bure inayofanya hayo yote. Nguvu ya mtandao pima kwa AT+CSQ: namba ya kwanza inaanzia 0 hadi 31, na 99 maana yake haijulikani. Banda la bati linazuia sana mawimbi, hivyo nunua waya mrefu wa USB uisogeze modemu dirishani.

Ondoa PIN ya laini, la sivyo modemu ikijiwasha upya itakaa ikiisubiri. Weka salio la kawaida pia, maana kifurushi huisha muda hata kama hujakitumia.

Ujumbe uwe mfupi: "MASHINE 2, JOTO 35.9, UMEME HAKUNA." SMS moja inabeba herufi 160, lakini ukiweka kile kiduara cha nyuzi, ambacho hakimo katika herufi za kawaida za GSM, mfumo wa simu za mkononi, nafasi inashuka hadi 70. Wala usitume kila dakika. Mtu akizoea mlio haamki tena.

Ninalolisisitiza kuliko yote: kila jioni modemu itume ujumbe hata kama mambo ni shwari, kwa sababu modemu iliyokufa nayo iko kimya. Saa moja usiku ikipita bila ujumbe, kagua kabla ya kulala: salio, mtandao, betri, kwa mfuatano huo.