Namtunza mama mkwe, lakini mikono yangu imekuwa mikali

*Shikamoo Shangazi. Mama mkwe wangu ni mjane, na miezi minane iliyopita alipata kiharusi. Upande wa kulia umelegea na hawezi kusema. Mimi ndiye ninayemwogesha, kumvalisha na kumlisha. Kanisani wananisifu, mchungaji amenitaja mbele ya watu kuwa mfano wa upendo wa Kikristo. Hawajui kwamba Jumapili iliyopita, tukiwa tumechelewa ibada, nilimvuta ule mkono kwa nguvu ili gauni liingie. Machozi yakamtoka kimya kimya. Mimi nikaenda zangu kuimba kwaya. Je, Shangazi, mimi ni mnafiki? – Mkwe Mchovu*

Marahaba, mwanangu.

Hilo neno mnafiki tuliache kwanza, tuanze na mkono. Kama bega linamuuma mpaka leo, au limeshuka kuliko la pili, mpeleke akaonwe na daktari. Misuli ya bega la mtu aliyepata kiharusi imelegea, haishiki mfupa kama zamani, na ukilivuta unaweza kulitegua. Ndiyo maana wauguzi hufuata mpango wao: wakati wa kuvalisha, mkono mgonjwa ndio unaotangulia, wakati wa kuvua, mzima ndio unaotoka kwanza. Pitisha mkono wako ndani ya mkono wa gauni, ukutane na kiganja chake, ukishike, kisha pandisha nguo taratibu mpaka begani. Nguo ndiyo inayoufuata mkono.

Unaona ninavyokwenda? Umeniuliza habari za moyo, nami nakujibu habari za gauni. Sikwepi swali. Upole huwa tunauhubiri kana kwamba ni sura ya mtu au sauti ya chini, kumbe kwa mgonjwa upole ni dakika tano za ziada kabla ya kutoka. Wewe Jumapili ile hukuwa nazo.

Sasa la pili, na hili usiliahirishe. Umwombe radhi. Najua utasema hawezi kujibu. Kutoweza kusema si kutoelewa. Wengi wanaopoteza maneno kwa kiharusi bado wanatufahamu, na yale machozi yalikuambia kwamba anahisi. Vuta kiti, keti usoni pake, usimsimamie kichwani. Sema: "Mama, Jumapili nilikuvuta nikakuumiza. Nisamehe." Maneno mafupi, kisha nyamaza, umpe nafasi. Usiongeze "nilikuwa nimechoka". Uchovu wako niambie mimi.

Kuhusu upendo wako kuwa wa kweli au la, rudi kwenye 1 Wakorintho 13. Wale Wakorintho walikuwa na karama nyingi na sifa tele, na bado walishitakiana mahakamani, na kwenye karamu ya Bwana huyu alikula akashiba na mwenzake akabaki na njaa. Hao ndio Paulo aliowaambia kwamba mtu anaweza kutoa mali zake zote kuwalisha maskini na bado, kama hana upendo, isimfae kitu. Kisha anasema upendo huvumilia, hufadhili, haukosi kuwa na adabu. Hilo la adabu ndilo ninalotaka ulishike. Unafanya kazi yote, mwanangu, na sikutilii shaka. Kilichopungua ni kumwona yule mama kama mtu mzima mwenye hiari yake.

Yesu alipomwita Bartimayo kipofu, alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Shida ya yule mtu ilionekana na kila aliyekuwapo, na bado aliulizwa. Nawe muulize mama yako. Inua magauni mawili, aoneshe kwa mkono wa kushoto analotaka. Wakati wa kula, mketishe wima, tonge dogo, ungoje ameze ndipo uinue kijiko kingine. Akifumba mdomo, amekujibu. Kuharakishwa kunaweza kumpalia, achilia mbali kumvunjia heshima.

Nina neno pia kwa wanaokusifu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Katika barua yako yote, mume wako hayumo. Mama ni wake! Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mjane akiwa na watoto au wajukuu, wao ndio wajifunze kwanza kutimiza wajibu nyumbani kwao na kuwalipa wazazi. Hakutaja mkwe. Kama kumwogesha mama kunamtia mume wako haya, sawa, lakini kumlisha hakuna haya, wala kuamka usiku kumgeuza. Mwambie siku ambayo hamjagombana, na umpe kazi yenye saa yake. "Nisaidie" peke yake huwa haimfikishi mtu popote.

Na yule Msamaria tunayemtaja kila mara: alifunga jeraha, akampandisha mtu juu ya mnyama wake, akamuuguza usiku ule. Siku ya pili akatoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni amtunze, akaahidi kulipa kitakachozidi akirudi. Akaendelea na safari yake. Sijawahi kusikia mahubiri yakimlaumu kwa kuondoka. Kwa hiyo mwendee mchungaji, umwambie kusifiwa kumetosha, unahitaji watu wawili wa kushika zamu. Uwafundishe habari ya mkono mgonjwa kabla hawajamgusa.

Kwaya usiiache. Ila Jumapili ijayo aamke mumeo kumvalisha mama, nawe usimame pembeni umwelekeze. Niandikie uniambie alichagua gauni gani.

– Shangazi