Taa za ziwani nazihesabu, sizitazami

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Uzuri unaanzia wapi, ndani ya mtu au katika dunia inayomzunguka?" Swali lenu nimelisoma nikiwa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki kando ya Ziwa Tanganyika, naanika dagaa, na limenichoma. Mimi ningeuliza hivi: nani ana nafasi ya kuuona huo uzuri?

Mgeni akija Kigoma usiku wa giza, hupelekwa mahali pa juu akaone taa za wavuvi. Ziwa linawaka kuelekea milima ya Kongo, utadhani mji umeota juu ya maji. Wageni hupiga picha. Sisi wake wa wavuvi tunahesabu. Hata mbalamwezi, ambayo wengine huiimbia mapenzi, sisi tunaipendea jambo jingine kabisa: mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo wanaume wanalala nyumbani.

Mwaka 2007 nilijifungua mtoto wa kwanza. Nilikuwa sijamaliza arobaini. Mashavu yana madoa ya mimba, visigino vimepasuka, tumbo limelegea, na kioo nimekigeuza kinatazama ukuta. Usiku mmoja mama mkwe akanitoa nje, tukakaa barazani, yeye na kichupa chake cha mafuta ya mise. Kwa asiyeyajua, ni meusi, hutoka kwenye kokwa za michikichi, na harufu yake ya moshi haitoki kwenye khanga hata ufue mara mbili. Akaivuta miguu yangu mapajani pake, akaanza kupaka. Alikikanda kisigino kimoja kwa dole gumba mpaka kikalainika, akahamia cha pili. Palikuwa giza, kila ufa aliupata kwa kidole. "Mwanangu, miguu hii ndiyo iliyoniletea mjukuu," akasema.

Mimi macho ziwani. Taa za kundi la mume wangu zilikuwa 6, nilizihesabu tangu wanatoka. Upepo wa kusini ukaanza. Nikahesabu tena, 5.

Nikataka kusimama. Mama mkwe akanishika kifundo cha mguu, "Kaa." Hakuongeza neno. Akaendelea kupaka, lakini sasa mkono ulikuwa unatetemeka. Mafuta yakaisha kichupani, naye akawa anapaka kwa mkono mkavu, hadi alfajiri. Mitumbwi ilipoingia, baba watoto alikuwamo. Wimbi lilikuwa limerukia karabai, kioo cha moto kikakutana na maji ya baridi, kikapasuka. Kioo tu.

Tangu usiku ule nimeshikilia neno moja, kwamba uzuri wa ziwa ni wa yule asiye na mtu wake majini. Nilikusudia kuwajibu hivyo niishie hapo.

Lakini mwaka 2024 ziwa lilifungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi 3 mume wangu alilala pembeni yangu. Hali ilikuwa ngumu, sikatai, ila hofu sikuwa nayo hata chembe. Sasa kwa nini kila usiku nilitoka barazani? Ziwa jeusi tii, na mimi nimesimama pale kama mfiwa. Mama mkwe naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilijikuta nazililia taa nilizozichukia miaka 17.

Kwa hiyo jibu langu, na msinishike sana kwa hili, ni kwamba pengine uzuri wa ziwa nilikuwa nauona siku zote, ila hofu ilikuwa imeukalia. Na huo wa ndani mnaousema, wangu sikuukuta ndani. Niliwekewa na mkono wa mtu mwingine, gizani, kupitia visigino, na kioo nilikigeuza tena wiki ile ile. Siwezi kusema ndivyo ilivyo kwa kila mwanamke. Wapo jirani zangu ambao taa yao ilipozimika haikuwa kioo, na kwao sina neno.

Siku hizi karabai zimepungua, wengi wanatumia taa za betri, nyeupe zaidi. Juzi nilihesabu mpaka 40, nikapotea, nikaanza upya.

Mama wa mwaloni, Kibirizi, Kigoma