Kila mfumo ni mzima, lakini ukiunganisha yote inaanguka

Mleta mada ameuliza kwa nini mfumo wake mkubwa, uliounganishwa kutokana na mifumo ya wamiliki mbalimbali, huanguka ilhali kila mmoja umefaulu majaribio yake, na kama dawa ni kuwataka wamiliki wote watoe matoleo mapya siku moja. Kwa niliyoyapitia, ratiba moja haitamsaidia, kwanza kwa kuwa hakuna mwenye mamlaka ya kuisimamia, na pia kwa kuwa tatizo liko kwenye maungio, pale upande mmoja unapotegemea jambo ambalo upande wa pili haujawahi kuliahidi.

Sisi tulikuwa tukituma maagizo ya malipo kwa mfumo wa mshirika, nao ukijibu "sawa" kazi ikishakamilika. Toleo lao jipya, kwa nia njema ya kuharakisha mambo, likaanza kujibu "sawa" mara tu agizo linapoingia kwenye foleni. Umbo la ujumbe halikubadilika hata herufi moja, hivyo majaribio yetu yote yalipita, na programu yetu ikaendelea kufuta kumbukumbu za maagizo ambayo bado hayajatekelezwa. Tuligundua siku ya tatu, wakati wa kulinganisha hesabu, na kilichotuchelewesha ni kwamba kila upande ulikuwa na ushahidi kuwa haujakosea.

Ndivyo ilivyopotea roketi ya Ariane 5 tarehe 4 Juni 1996, chini ya dakika moja baada ya kuruka: programu ya kifaa cha uelekezaji, iliyofanya kazi vizuri kwenye Ariane 4, roketi iliyoitangulia, ilikutana na kasi ya mlalo iliyo kubwa zaidi, thamani yake ikashindwa kuenea katika nafasi ndogo iliyotengewa, namba ya biti 16, na kifaa cha akiba nacho kikazimika kwa kosa lilelile, maana kiliendeshwa na programu ileile. (Wanaoamini kwamba nakala ya pili inatosha, hapo pana la kutafakari.)

Baada ya hapo, kila tulichokitegemea kwa mshirika tulikiandika kama jaribio, tukampa aliendeshe kabla ya kila toleo. Kila agizo lilipewa namba yake ya pekee ili likirudiwa lisilipwe mara mbili, na kati ya kufaulu na kushindwa tukaongeza hali ya tatu, "haijulikani". Hiyo ilipingwa sana, kwa sababu inalazimu kuamua nani atafuatilia. Kwangu ndiyo iliyotufaa zaidi. Mleta mada aanze kwa kumuuliza kila mmiliki jibu lake la "sawa" linathibitisha hatua ipi.