Kereng'ende mwekundu wa kwenye kamba ya nguo

Mkuu uliyeuliza toka Kimara kama yule kereng'ende mwekundu anayetua kwenye kamba yako ya nguo ni wa aina moja na wale wa njano wanaozunguka juu ya paa jioni: hapana, hao ni wawili tofauti kabisa. Mimi naishi kando ya bonde la Msimbazi, kwenye matuta ya mchicha, kwa hiyo kereng'ende nawaona kila leo.

Usianzie kwenye rangi, inadanganya. Jike la huyo mwekundu ni njano-kahawia, na dume mchanga naye yuko hivyohivyo kabla hajaiva. Anza na anavyotua. Wako anachomoka, ananasa mdudu, anarudi palepale. Wekundu wenye tabia hiyo wanaochanganywa sana ni wawili. Crocothemis erythraea ana mkia mpana, bapa, wekundu umefika hadi usoni na miguuni, na shina la bawa la nyuma lina doa la rangi ya asali. Trithemis arteriosa ni mwembamba, mishipa ya mabawa myekundu, miguu myeusi, na ubavuni karibu na ncha ya mkia ana weusi. Jua la saa saba likimzidi, anasimamisha mkia wima kulielekea ili limpige sehemu ndogo. Kwenye picha yako miguu ni myekundu na mkia mpana, kwa hiyo mimi nasema Crocothemis, dume.

Wale wa juu ya paa ni Pantala flavescens. Wanaweza kuruka saa nyingi bila kutua, na wakitua wananing'inia chini ya kijiti, hawakai kileleni. Wanafuata mvua, maana wanataga kwenye madimbwi ya muda na watoto wanakua upesi. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, aliandika kwamba wanavuka Bahari ya Hindi toka India hadi huku kwetu wakisukumwa na upepo, kama majahazi ya kaskazi.

Ukitaka uhakika zaidi, mpige picha ya ubavuni asubuhi mapema akiwa bado na baridi, maana jua likipanda humsogelei.

Na watoto waambie hana mwiba. Watoto wake majini wanakula viluwiluwi vya mbu, ila usiache pipa wazi kwa ajili yake; mbu wa dengi watamtangulia.